Kwa Nini Nilikucheka

Rahma,

Salamu sikupi. Wiki mbili sasa unapita mlangoni mwa jiko langu kama mpangaji, hunipi shikamoo wala sabalkheri, basi na mimi za kwangu nimeziweka. Zimo humu ndani pahala. Ukizitaka zitafute.

Naandika baada ya alasiri. Wewe umekwenda kuagana na wenzio, sanduku lako limesimama mlangoni kama askari, na Madam amelala, kazi zake zinaningoja. Skuli niliishia darasa la nne, na herufi zangu unazijua, zinalala ubavu kama mbuzi aliyechoka. Zisome hivyohivyo. Habari za masweta, na baridi ya London, na usali, na usile usichokijua, hizo sikuandikii. Wewe ni mtu mzima. Kama hayo hujayajua mpaka leo, basi mimi miaka yote hii nilikuwa nafuga kuku.

Nakuandikia jambo moja. Kwa nini nilikucheka.

Umemwambia Madam, mimi hukuniambia, kwamba nimekuharibia siku yako kubwa kuliko zote. Kweli. Hoteli ile ya Garhoud, hapahapa Dubai, ukumbi umejaa Wazungu na wake zao, wewe juu ya jukwaa ni mama aliyefiwa na mtoto, kimya hata barafu kwenye gilasi zinasikika. Na mstari wa mbele mimi, kwenye baibui jipya ulilonishonea mwenyewe, nacheka. Tena si kicheko cha kufunika na kiganja. Kile chenye kukoroma. Meza ya nyuma yangu wakashindwa, na ya nyuma yao, mpaka ukumbi mzima ukawa unacheka mtoto wa watu aliyekufa. Mtu akakitia mtandaoni. Nilivyofika nyumbani Al Warqa, Unguja wameshakiona. Ulishuka jukwaani rangi imekutoka usoni, ukaniambia, "Bibi, umeniua." Sikukujibu. Nakujibu leo, na usitarajie niombe radhi, maana sina ya kuomba.

Kwanza nikwambie la uso wako, kwa sababu huko uendako watakwambia kwa Kiingereza chenye sukari na hutaelewa. Wewe si mzuri. Wote waliokuambia u mzuri walikuwa wanataka mojawapo kati ya mawili, chapati zangu au kukuoa. Pua hiyo umeirithi kwangu, na mimi kwa babaangu, na pua hii haijapata kupewa umalkia popote ilipokwenda.

Babaangu alikuwa na kikundi chake cha michezo ya kuigiza, Ng'ambo, Unguja. Mamaangu aliimba, kakaangu alipiga ngoma, dadaangu alikuwa bi harusi katika kila mchezo kwa sababu alikuwa na shingo. Mimi nilipofika miaka kumi na nne nikasema na mimi nataka kuwa bi harusi. Baba akanigeuza uso huku na huku, mbele ya kikundi kizima, kama anayenunua papai. Akasema, "Huyu mpeni bikizee. Uso ushafika, tunasubiri mwili." Wakaangua kicheko. Nikalia. Na yeye, unajua alifanya nini? Akainama akasikiliza kile kilio. Akaniambia ninyamaze, kisha nianze tena, polepole zaidi.

Ndivyo alivyonifundisha. Pumzi tatu, kila moja fupi kuliko ya kabla. Kisha kiganja juu ya paja, paa, mara moja, usirudie. Kisha kanga iteleze begani kana kwamba huna habari nayo. Usimfikirie marehemu, alisema, ukimfikiria utakoroga. Fikiria koo. Basi watu walikuwa wakitoka mashamba kuja kunisikia mimi nikilia. Wanaume wazima wanajifuta machozi kwa kofia. Dadaangu na shingo yake walimsahau kabla hajashuka jukwaani.

Sasa nije kwa Sir.

Wewe ulimjua mzee wa Kizungu, baba wa Madam, amekaa jikoni kwetu anamenya viazi. Ulikuwa hujui alikotoka, maana hukuuliza. Wewe huulizi, unatazama tu, tena vibaya, nitafika huko. Alikuja kukaa kwa bintiye alipozeeka, na akahamia jikoni kwa sababu viti vya ukumbini kwa Madam si vya kukalia. Mimi nina Kiingereza cha jikoni, yeye alikuwa na Kiswahili cha chai tafadhali, lakini wote wawili tumezaliwa nyuma ya pazia, na watoto wa nyuma ya pazia hawahitaji mkalimani.

Kwao walikuwa wachezaji wa jukwaani tangu babu. Baba, mama, kakaake mkubwa, wote. Na nyumba yao ilikuwa na ada yake. Asiye na kazi jukwaani haketi mezani. Anasimama, anahudumia wenye kazi, mpaka apate yake. Kakaake alikuwa mzuri, mzuri hasa, akapata kazi akiwa kijana hajaota ndevu na hakusimama tena. Sir alisimama miaka. Alimpakulia kakaake supu, akamshikia koti, na yule kaka akiwa na furaha anadondosha kitambaa cha mezani makusudi, ili mdogo wake ainame. Mama anatazama, hasemi ila kumsahihisha namna ya kuinama. Nilimwuliza kama hakumchukia mamaake. Akasema alikuwa anamsahihisha vizuri.

Mpaka siku moja akaja kula pale mtu mkubwa wa michezo ya jukwaani. Akamwona anavyozunguka na sinia, hasikiki, haonekani, kila kikombe kimejaa na hakuna anayejua kimejazwa saa ngapi. Yule mkubwa akamwuliza mama, huyu mtumishi mmemtoa wapi, mimi namtafuta mmoja kama huyu kwa mchezo wangu. Mama akamjibu, mwenyewe akisikia, "Huyo si mtu. Huyo ni mtoto wetu."

Yule mkubwa akamchukua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na katikati hapakuwa na nyingine. Mtumishi. Dereva. Askari anayebisha mlango. Daktari anayetoka akitikisa kichwa. Kwenye sinema alikuwa akiuawa kabla watu hawajamaliza bisi zao. Ukubwani watu walikuwa wakimsimamisha njiani huko kwao, wanamwambia wewe nakujua, na hawajui wanamjulia wapi, wengine wanadhani aliwahi kuwatengenezea bomba. Alikuwa akinisimulia anacheka. Kakaake picha zake zilibandikwa ukutani mji mzima, na yeye yumo kwenye michezo mingi mara tano kuliko kakaake, na hakuna aliyepata kumwandika jina lake sawasawa.

Na usidhani alikuwa mzee mpole. Wewe ulipewa biskuti, mimi nilipewa ulimi. Alikuwa akinitazama nikipeleka chai kwa wageni wa Madam, nikirudi ananiambia nahudumia vibaya, nahudumia kama mtu anayefikiri. Nikamwambia mimi nahudumia watu wanaokunywa kweli, yeye alikuwa akihudumia vikombe vitupu na watu wanapiga makofi. Siku hiyo hakunisemesha mpaka magharibi. Kisha akaja akasema hilo nimemshinda.

Ukirudi skuli alikuwa anakufundisha. Ingia mlangoni na sinia. Toka. Ingia tena, sasa mle ndani wanagombana. Toka. Ingia, sasa wewe ndiye wanayekugombania na hujui. Yule mzee alikuwa anakupa dhahabu, na wewe umefunga kitambaa changu cha vyombo kichwani unataka taji. Mara ngapi ulilitupa lile sinia? Lina bonde mpaka leo. Aliniambia siku moja, "Mtoto huyu anaona yenye kelele tu." Nilikasirika, maana ni mjukuu wangu na wa kumtukana ni mimi. Lakini niliyaweka.

Sasa mamaako.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Alifua mashuka ya hoteli mpaka mgongo ukamwinamisha, na kumbe haukuwa mgongo, ulikuwa maradhi yale, na yalipojulikana yalikuwa yashakula. Tulizika. Madam akatupa ua wa nyuma tukae msiba, akaniuliza kwa sauti laini kama tutakuwa tumemaliza Alkhamisi kwa sababu ana wageni. Wanawake wakaja, wa Deira, wa Sharjah, wa Ajman, Unguja nzima iliyohamia nchi hii, wakakaa mikekani wakanitazama.

Na mimi nilikuwa mkavu. Mkavu kama bonde la Hatta mwezi wa saba. Mtoto wangu wa pekee yuko chini ya mchanga na machoni hamna kitu. Nikawaona wanaanza kutazamana. Wamepanda mateksi, wamewaomba ruhusa waajiri wao, wamekuja kumliza mama wa marehemu, na mama wa marehemu anauliza kama chumvi imetosha. Nikajua yatakayosemwa garini wakirudi. Mimi nina fahari yangu. Basi nikawapa. Pumzi tatu. Kiganja, paa. Kanga ikateleza.

Ua zima likalipuka. Kulikuwa na hajati mmoja akanishika mkono akaninong'oneza kwamba kulia kwa namna hii haifai, dini hairuhusu. Nikamwambia najua, ndiyo maana nimefupisha. Wakalia wakatosheka, wakala wali, wakasema mama ni mama. Na wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa chumba chetu, macho haya hapa. Nilikuona. Sikujua kwamba unachukua.

Ukakiweka miaka yote. Ukakitoa Garhoud, kwa Kiingereza.

Pumzi ya kwanza, nikasema mbona naijua. Ya pili nikakaa sawa. Ya tatu nikashika meza. Kisha kiganja, paa! Babaangu, Rahma. Babaangu aliyekufa zamani hizo, aliyenigeuza uso kama papai, huyo yuko kwenye hoteli ya Dubai ndani ya gauni la kike la Kizungu, anapiga paja. Kanga hukuwa nayo, ukateremsha shali. Ningefanyaje? Umepanda jukwaani na kitu ulichoniibia, umekificha kifuani muda wote huo ukidhani ni kilio cha bibi yako juu ya mamaako, na kumbe ni mchezo wa Ng'ambo. Uliiba bati nililolipaka rangi ya dhahabu mwenyewe. Sikulia siku ile. Niliigiza. Na wewe ukaiga kuigiza kwangu, tena ukakosea pumzi ya pili, ndefu mno.

Hiyo ndiyo sababu. Lakini haijaisha, kaa.

Siku ya pili ya msiba niliingia jikoni peke yangu kummiminia kahawa bibi mmoja wa Sharjah. Nikamimina. Kikombe kikajaa. Mimi nikaendelea. Kahawa ikashuka kwenye kisahani, ikajaza kisahani, ikaingia kwenye sinia, ikaanza kudondoka chini, juu ya miguu yangu mitupu, ya moto, na mimi natazama ukuta, na mdomo wangu unasema, "Karibu, karibu, usione haya." Jikoni hamna mtu. Namkaribisha nani sijui. Birika lilipokwisha ndipo niliponyamaza.

Nilipogeuka Sir alikuwa mlangoni. Akachukua tambara akapiga magoti, mzee yule na magoti yale, akafuta sakafu, akanifuta na miguu. Nikasema moyoni, Mzungu huyu ana utu.

Mwaka uliofuata wakamwita acheze kule Garhoud, hotelini, na kila mtu alijua ni mara yake ya mwisho, maana alikuwa anasahau. Kakaake akaja kutoka London kumtazama, na wanawake ukumbini wakaacha chakula wapige naye picha. Mchezo ulikuwa wa nyumba ya kitajiri. Sir ni mtumishi. Anawamiminia chai, na bwana wa nyumba, huku akitafuta miwani yake, anamwambia kwa kupitia tu kwamba imekuja habari mwanawe yeye mtumishi ameuawa vitani. Basi. Hapakuwa na neno la kujibu, kwenye mchezo ule yeye hakuandikiwa neno.

Akaendelea kumimina.

Ikajaa. Kisahani. Sinia. Meza. Na midomo yake inakaribisha, sauti haitoki. Ukumbi ule, wenye walevi wake, hakuna aliyekohoa. Mhudumu wa hoteli, kijana wa Uganda, alisimama katikati ya meza na sahani mkononi akasahau anakokwenda. Na mimi nikahisi kahawa ya moto juu ya miguu yangu, na nilikuwa nimevaa viatu.

Wewe ulikuwa ubavuni kwangu. Unakumbuka ulichosema? Ulisema, "Masikini Sir, wamempa sinia tena." Kisha ukarudi kwenye simu yako. Jambo kubwa kuliko yote lililopata kufanywa jukwaani mbele ya macho yako, limetoka nyumbani kwako, limetoka kwa mamaako, na hukuliona kwa sababu halikupiga kelele.

Kesho yake Madam akaandika chakula cha mchana. Watu wote mezani, mimi nasimama na buli la chai. Mara yule kaka, mzuri yule wa mabango, akainuka. Hakuna aliyemwambia. Akanitoa buli mkononi akaanza kuzunguka na vikombe. Madam akacheka, akadhani ni mzaha. Mimi nikamtazama Sir, na nikaelewa. Kaka mtu hakuwa na kazi. Hawamtaki tena jukwaani, uzuri umemwisha na hana kingine, na kwao asiye na kazi haketi. Kikombe kilikuwa kinalia juu ya kisahani.

Ungemwambia nini? Ungemwambia kaa, kaka, tumeshazeeka. Sir alikunywa. Alisogeza kikombe kijazwe tena. Kisha akachukua kitambaa chake cha mezani, akakiinua kidogo mtu yule akione, akakidondosha. Yule kaka akainama. Akakaa chini kule muda, kisha akainuka nacho. Nimeona ukatili mwingi nchi hii, wa maarbab, mabwana wa kazi, na wa mamadam, lakini ule ulikuwa umefumwa kwa mkono.

Alipokuja jikoni nilikuwa namngoja. Nilimwambia kahawa ile ilikuwa yangu. Mwanangu alikuwa wangu. Amechukua kwangu kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekitazama, akakipeleka kwa walevi. Nilimwita mwizi kwa lugha tatu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza mtumishi, kisha akasema, "Ulikuwa hukitumii, Zuhura."

Nilimnyima mchuzi siku mbili, nikampa mkate mkavu. Siku ya tatu nikampa mchuzi, na kichwa cha samaki nikamwekea. Kwa sababu ni kweli, nilikuwa sikitumii. Kimekaa tu. Na alipokitoa yeye, ndipo nilipomlilia mamaako, njiani, garini, na wewe umelala umeniegemea. Hilo hukuliona vilevile.

Sasa wewe unakwenda kwa Waingereza wakufanye mchezaji wa jukwaani. Watakupa sinia. Pua hiyo na rangi hiyo, watakupa sinia, na ndoo, na shuka za kukunja, na mstari mmoja usio na maana, na msichana mwenye shingo atapewa kulia. Utaniandikia kwamba wanakuonea. Watakuwa wanakuonea kweli. Beba. Lakini ukilibeba huku unaitamani shingo ya mwenzio, utarudi hapa umeshindwa na mimi nitakucheka tena, mara hii kwa haki. Sir alilibeba hilo sinia mpaka kakaake akainama. Mimi nilimbeba bikizee mpaka wanaume wakavua kofia. Wewe ni wa watu hawa. Huna pengine pa kutokea.

Kesho Madam atatupeleka uwanja wa ndege, na dereva, na wenzio wote watakuja, na simu zao zimeinuliwa. Watataka bibi alie. Nitawapa. Utaziona pumzi tatu, utasikia paa, na kanga itateleza, na wote watalia wajifute. Huko usitazame, huko unakujua.

Nitakuwa nimekuja na chupa ya chai na kikombe chako kile cha bluu. Tazama hapo. Sijui itakuwa nini, nikijua haitakuwa. Lakini ukiiona, ichukue uende nayo. Mimi siitumii.

Bibi yako,
Zuhura